Kusafisha meno kliniki Dar: nilicholipia, walichofanya, na kwa nini nasema nendeni

Nianze na jibu kabisa, maana najua wengine mnatafuta hilo tu: inafaa, nendeni. Kama ukipiga mswaki fizi zinatoa damu, kama ukipitisha ulimi kwa ndani ya meno ya chini ya mbele unakuta kitu kigumu kina mikwaruzo, kama mdomo una harufu ambayo hata ukishapiga mswaki haiishi, hela yako iende huku kabla haijaenda kwenye kung'oa. Ila siyo kila anayesafisha anasafisha, na hapo ndo nataka kuongea kwa kirefu, maana kliniki nzuri na kliniki ya kukukamua hela huzitofautishi kwa mashine, mashine karibu zote ni zilezile, unazitofautisha kwa wanachofanya kabla hawajaiwasha na wanachokwambia wakishaizima.

Kliniki yenyewe iko Sinza, ghorofa ya kwanza juu ya maduka. Jina silitaji kwa sababu nina ya kusifia na nina ya kulalamika, na ninachotaka hasa ni ujue cha kudai popote utakapokaa kwenye kile kiti, iwe Mwanza, Mombasa au Bujumbura.

Bei kwanza. Kumuona dokta shilingi 10,000 za Tanzania, kusafisha 70,000, hapo wameshaweka na kung'arisha. Hospitali za serikali ni nafuu zaidi ila foleni ujipange, na kwa watu wa Dar kuna kliniki ya meno ya chuo pale Muhimbili, MUHAS, wanafunzi wanahudumia wagonjwa huku walimu wao wanasimamia, hawana haraka na wewe na kwa kazi ya kusafisha hiyo ni sifa. Bima zinatofautiana, nyingine zinalipia kung'oa na kuziba vizuri tu ila kusafisha wanakuhesabia ni urembo, kwa hiyo piga simu uulize kabla hujapanda daladala. Hili huwa linaniuma kweli, yaani wako tayari kulipia jino litoke lakini siyo kulipia libaki.

Sababu ya mimi kwenda ni damu. Hakuna jino lililokuwa linauma, hamna tundu, ni ile tu unatema povu unakuta lina wekundu, na nyumbani kila mtu ana jibu lake, huyu anakwambia ni upungufu wa vitamini, yule anakwambia acha kupiga mswaki kwanza fizi zipumzike. Ushauri wa kuacha mswaki ndo mbaya kuliko yote. Ugonjwa wa fizi hauumi, hapo ndo ubaya wake, unakula mfupa unaoshika jino kimyakimya na siku unasikia maumivu mara nyingi jino lenyewe linacheza. Na kwa wavutaji sigara ni mbaya zaidi maana sigara inabana mishipa midogo ya fizi, ile damu ya kukushtua haitoki kwa wingi, mtu anajiona mzima kumbe ndani kunaliwa.

Dokta ni dada mdogo tu, kaniitikia salamu vizuri, kavaa barakoa na glavu mpya mbele yangu, halafu kitu ambacho kila mtu adai: vifaa kavitoa kwenye pakiti iliyofungwa, kaichana mimi nikiona. Zile pakiti zina alama inayobadilika rangi zikishapita kwenye mashine ya joto ya kuua vijidudu. Ukikuta vifaa vimelala tu kwenye trei ulipoingia, uliza, una haki ya kuuliza na wala siyo ukorofi.

Kabla ya kugusa chochote kanipa kioo. "Dada shika hiki, usiniangalie mimi, angalia hapa." Kapaka kitu cha rangi ya pinki kwenye meno, nikasukutua, nikaangalia tena. Sehemu kubwa ya jino pinki imetoka, lakini pale jino linapokutana na fizi imebaki mstari mzima, na katikati ya jino na jino imejaa, na hapo asubuhi nilishapiga mswaki. Ile rangi inashika ukoga, yaani ule utando laini wa bakteria unaojijenga kwenye meno kila siku, hata ukila vizuri, hata usipokula. Ukoga mswaki unautoa. Usipotoka, madini yaliyoko kwenye mate, kalsiamu na fosfeti, yanauingia na kuugandisha, unakuwa ugaga, mgumu, umeng'ang'ania jino kama yale magamba meupe ndani ya birika la umeme, na ukishafika hapo hakuna mswaki wala dawa ya mswaki wala majivu yatakayoutoa, ni kliniki tu. Kumbe ndo maana unapenda kujazana nyuma ya meno ya chini ya mbele na pembeni ya magego ya juu upande wa shavu, ndo sehemu mate yanapomwagikia mdomoni, vijitundu vya mate viko hapohapo. Hili nilikuwa sijawahi kuelezwa na mtu.

Kikafuata kitu kilichonifanya niamini kwamba hawa wanajua kazi. Kachukua kifimbo chembamba chenye alama za milimita, anakiingiza taratibu kati ya jino na fizi, sehemu sita kwa kila jino, tatu nje tatu ndani, anamtajia msaidizi anaandika: "tatu, mbili, tatu, tatu, mbili, nne damu." Fizi yenye afya ina kina cha milimita 1 mpaka 3. Ukianza kuona 4 kwenda juu na damu, kuna mfuko umefunguka pale na uchafu unaingia chini ambako mswaki haufiki. Mimi nyingi zilikuwa 3, chache nyuma 4, moja 5. Aliponionyesha karatasi nikajua tatizo liko wapi hasa, siyo lile la "fizi zako dhaifu" ambalo nimeambiwa miaka. Nasema hivi: kliniki ikikusafisha bila kupima fizi, wamekusafisha kwa macho. Labda wametoa kinachoonekana, lakini wewe hujui kama ugonjwa upo au haupo, na mwakani hamna cha kulinganisha.

Mashine yenyewe ina ncha ya chuma inatetemeka zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde, huku inamwaga maji ili isipate moto, na msaidizi anavuta maji na kibomba pembeni. Sauti yake kali, inaingia kwenye fuvu, na kwenye meno ya chini ya mbele nilikunja vidole vya miguu mara kadhaa. Maumivu siyo ya kupiga kelele, ni ubaridi mkali unakuja na kuondoka, na zile sehemu za 4 na 5 dokta alitaka kupiga ganzi kidogo, nikakubali, sikujuta. Kuna kipande kilitoka nyuma ya meno ya chini, kajivu kagumu kakubwa kuliko punje ya mchele, kanionyesha kwenye pamba. Baada ya mashine akamalizia na vifaa vya mkono kule chini ya fizi, akirudia kupapasa na kifimbo mpaka aridhike, halafu ndo kung'arisha na kile kikombe kidogo cha mpira kinazunguka na dawa yenye chengachenga. Kung'arisha kunapendeza ila siyo matibabu, mjue, kazi imefanyika kabla ya hapo.

Kwenye benchi la kusubiri kulikuwa na mzee mmoja, nilimpa shikamoo tukaanza kuongea, akaniambia mwanangu kuwa makini, wakishakukwangua meno yanalegea. Hili nalisikia kila mahali, kwa hiyo nikamuuliza dokta hivyohivyo. Akasema kinacholegeza ni mfupa uliopotea chini, ugaga ulikuwa umeziba nafasi na kuyashikanisha meno, ukitoka unaona hali halisi ambayo ilikuwepo tangu zamani. Na mapengo madogo unayoyaona kati ya meno ni pale ugaga ulipokuwa umekaa, pamoja na fizi iliyokuwa imevimba kunywea. Kwa hiyo mzee wangu alichokiona kwa watu ni kweli kakiona, sababu ndo siyo ile.

Ila hapa nina lalamiko langu la kwanza. Hakuna aliyenitahadharisha kwamba siku zinazofuata meno yatashtuka na maji ya baridi na hata upepo. Ni kawaida, sehemu ya mzizi iliyokuwa imefunikwa na ugaga imebaki wazi, inatulia yenyewe ndani ya siku chache mpaka wiki mbili hivi na dawa ya mswaki ya meno yanayoshtuka inasaidia, lakini niliyajua hayo kwa kupiga simu kliniki jioni nikiwa na wasiwasi. Ni sentensi moja tu, mwambieni mtu kabla hajashuka ngazi.

Sasa kilichonifanya niandike yote haya ni dakika za mwisho, maana hakunifukuza kwenye kiti. Kachukua meno ya plasta na mswaki akaniambia nionyeshe unavyopiga. Nikaonyesha. Akasema mkono laini kidogo, bristoli, zile nywele za mswaki, zilale kwa pembe ya nyuzi 45 kuelekea kwenye fizi, nusu kwenye jino nusu kwenye ukingo wa fizi, unatikisa mswaki palepale mapigo mafupi halafu unasogea meno mawili mbele, siyo kusugua kulia kushoto kwa nguvu, hiyo inakula fizi na kuchimba jino pale shingoni. Mswaki uwe laini, soft, hizo hard zinazouzwa stendi waachie wanaosafisha viatu. Dakika mbili kamili mara mbili kwa siku, na ile ya usiku ndo usiikose kabisa, kwa sababu ukilala mate yanapungua na mate ndo ulinzi wako. Miezi mitatu badilisha, au mapema kama bristoli zimeshachanuka.

Na ukishamaliza tema, usisukutue na maji. Hili lilinipa shida kukubali, sisi tumelelewa kusukutua mpaka maji yatoke meupe, lakini ile floraidi kwenye dawa ya mswaki, madini yanayokaza jino, inatakiwa ibaki kwenye meno ifanye kazi, ukisukutua unaimwaga kwenye sinki. Ukinunua dawa geuza tyubu usome, mtu mzima tafuta floraidi ya 1000 mpaka 1500 ppm (kipimo cha wingi wake kwenye dawa), iwe Whitedent iwe Colgate iwe yoyote, ya bei ndogo yenye floraidi ni bora kuliko ya bei kubwa ya mkaa au mitishamba isiyokuwa nayo. Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa ya mswaki yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, yaani ni dawa kweli, siyo sabuni ya mdomo. Hizo za mkaa na yale mambo ya limao na magadi soda ya kutafuta weupe naomba muachane nayo, mkaa unakwangua na limao linayeyusha ile ngozi ngumu ya juu ya jino, na ile ikishaondoka hairudi, na chini yake ni njano, kwa hiyo weupe unaoutafuta ndo unazidi kuukimbiza.

Katikati ya jino na jino mswaki hauingii hata upige vipi. Kuna uzi wa meno, na kuna vile vibrashi vidogo vya kupenyeza, mtu mwenye nafasi kidogo kati ya meno vibrashi vinafanya kazi vizuri zaidi, mwenye meno yaliyobanana atumie uzi. Uzi unauzungushia kwenye vidole vya kati, unaushusha taratibu kwa kuusogeza mbele na nyuma, ukifika chini unaukumbatisha kwenye jino umbo la herufi C unapandisha na kushusha, halafu upande wa pili wa palepale. Usiuchape chini kwa nguvu, utakata fizi. Siku za kwanza damu itatoka, endelea, ndo damu ya fizi iliyovimba hiyo, ikisafika inakauka. Vijiti vya meno vya hotelini havihesabiki, vinatoa nyama ya nyama choma, basi, na vinatoboa fizi.

Nilimuuliza dokta kwamba fizi hizi zinapona kweli au ndo hivyo tena, akanisimulia utafiti wa mwaka 1965 wa Harald Løe na wenzake kule Aarhus, Denmark, nikaenda kuusoma mwenyewe. Walichukua watu 12 wenye fizi nzima wakawaambia acheni kusafisha meno kabisa. Ndani ya siku 10 mpaka 21 wote fizi zilikuwa zimevimba. Wakawaambia rudini kwenye usafi, ndani ya wiki hivi zikarudi nzima. Watu wote kumi na wawili! Kwa hiyo fizi inayotoka damu tu, mfupa ukiwa bado haujaliwa, inapona kabisa, mikononi mwako mwenyewe. Mfupa ukishaliwa haurudi, unachofanya ni kuuzuia usiendelee. Mimi ile sehemu ya 5 haitakuwa tena kama ya msichana, nimeikubali, ila damu imeisha na nyingine zote zinakaza.

Mliokuwa na kisukari, hili ni lenu zaidi. Kisukari kisichodhibitiwa kinaharibu fizi na fizi mbovu zinafanya sukari iwe ngumu kushuka, vinasukumana, kwa hiyo ukienda kliniki ya kisukari sema na habari ya mdomo. Na wajawazito, ule msemo kwamba kila mimba na jino lake uacheni. Homoni zinafanya fizi zivimbe haraka na ukoga mdogo tu, pamoja na kutapika na kula kidogokidogo, mtoto hanyonyi kalsiamu kwenye meno yako. Kusafisha ukiwa mjamzito ni salama, miezi ya katikati ndo unakaa vizuri zaidi kwenye kile kiti, mwambie tu dokta hali yako mapema.

Safari nyingine nilienda na mume wangu na mtoto. Mume wangu kakulia Usa River kule Arusha, na wa huko mnajua, meno ya kahawia yenye madoa. Alikuwa na hamu sana ya kuyasafisha. Hapa ndo dokta alinikosha moyo kabisa, maana angeweza kuchukua 70,000 yake na maneno matamu. "Kaka, haya yako siyo uchafu, hata nikikaa hapa mpaka kesho rangi haitoki, nitakusafisha kwa ajili ya fizi, kwa rangi usitegemee." Ni floraidi ya kwenye maji. Maeneo ya mlima Meru na kule Maji ya Chai, na ukanda wa bonde la ufa kwa ujumla mpaka Nakuru kule Kenya, maji yanapita kwenye miamba ya volkano yanabeba floraidi nyingi, Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita na kuna visima vinazidi hapo mara nyingi, halafu magadi ya kupikia nayo yanaongeza. Inaharibu jino wakati linajijenga ndani ya fizi, utotoni mpaka miaka kama nane, likishatoka limeshatoka. Kuchemsha maji hakusaidii, floraidi haiondoki na mvuke, inabaki kwenye maji yaliyopungua. Kinachosaidia ni chanzo kingine cha maji, maji ya mvua kwa mfano, au kuchuja kwa mkaa wa mifupa, kituo cha Ngurdoto kule Arusha wamelifanyia kazi hilo miaka mingi.

Najua mtu atauliza, mbona hapo juu umesema floraidi nzuri na hapa mbaya. Kipimo, na mahali. Kidogo kikikaa juu ya jino lililokwishatoka kinalikaza, kingi kikinywewa na mtoto ambaye meno yake bado yako jikoni kinayaharibu. Ndo maana mtoto chini ya miaka mitatu anawekewa dawa kiasi cha punje ya mchele tu, mpaka miaka sita kiasi cha punje ya njegere, na mzazi umsimamie ateme. Ile picha kwenye boksi ya dawa iliyojaa mswaki mzima ni ya kuuza dawa.

Mtoto wetu ana miaka saba na hapa nataka wazazi wote mnisikilize. Gego la kwanza la utu uzima linatoka kwenye miaka sita, nyuma kabisa, na halisukumi jino lolote la utoto litoke, linachomoza tu mwisho kule, kwa hiyo wazazi wengi tunadhani ni la utoto, likitoboka tunasema litang'oka lenyewe. Haling'oki, hilo ni la maisha. Juu lina mifereji mirefu myembamba, ubuyu na biskuti vinaingia humo havitoki. Dokta kasafisha mifereji, kakausha na pamba, kaweka ile dawa ya kuziba, glasi ayonoma, kapaka vaselini kwenye kidole cha glavu akaikandamiza na kidole mpaka ikaingia, dakika chache limeisha, hamna sindano, hamna mashine, mtoto hakulia. Halafu ndo nikajua kwamba mbinu hii ya kidole ni ya ART, kuhudumia jino kwa vifaa vya mkono bila kuchimba kwa mashine wala umeme, na ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na daktari wa meno Mholanzi Jo Frencken akiwa shule ya meno ya Dar es Salaam, ndo ikasambaa duniani na Shirika la Afya Duniani likaipigia debe mwaka 1994. Nilifurahi sana kusikia hivyo, na inanisikitisha kwamba bado tunapeleka watoto kung'olewa magego ya miaka sita wakati dawa yake imezaliwa kwetu. Gharama ilikuwa 20,000 kwa jino, meno manne. Wakampaka na vanishi ya floraidi meno yote, hiyo ya kurudia kila miezi sita.

Na kwa kuwa niko kwenye watoto, wale wanaopeleka vichanga kutolewa "meno ya plastiki", tafadhali sana. Kile cheupe kinachoonekana kwenye fizi ya mtoto anayeharisha au mwenye homa ni chonge la kawaida linalojijenga, mtoto anaumwa kitu kingine, mpelekeni hospitali. Wakichimba pale na kifaa kichafu mtoto anaweza kupoteza damu, kupata maambukizi, kufa kabisa, na akipona chonge la utu uzima lililo chini yake linaweza kutoka bovu au lisitoke.

Kuhusu sukari dokta hakutuhubiria sana, alisema kitu kimoja ambacho kimebadilisha nyumba yetu. Kila ukipitisha sukari mdomoni bakteria wanatengeneza asidi, mate yanachukua kama nusu saa mpaka saa kuirudisha sawa. Kwa hiyo soda moja unayoinywa na chakula ukamaliza ni afadhali kuliko ileile unayoichezea kuanzia saa tano mpaka saa nane, na pipi ya kumung'unya ni mbaya kuliko keki. Chai ya sukari ya kila saa ofisini ndo hiyohiyo. Siku hizi vitamu kwetu ni wakati wa chakula, katikati ni maji, karanga, tunda.

Mama mkwe wangu anatumia mswaki wa mti na ana meno yake karibu yote, dokta hakumdharau hata kidogo, akasema Shirika la Afya Duniani lenyewe liliwahi kuushauri kwenye miaka ya 80, unasafisha vizuri ukikatwa mara kwa mara ncha ibaki mbichi na ukifika ndani ya magego, ila aongeze dawa ya floraidi kwa kidole au mswaki wa kawaida usiku. Mama kakubali la usiku.

Malalamiko yaliyobaki. Miadi yetu ilikuwa saa nne, tumeingia saa sita kasoro, na risepsheni hakuna aliyekuja kutuambia kitu. Halafu yule wa risepsheni, baada ya dokta kumwambia mume wangu ukweli wake wote, akamshika pale kwenye kulipa akamuuzia habari ya kung'arisha kwa blichi kwa 350,000, na mtu wa watu ameshaanza kutoa simu alipe, mpaka nikarudi ndani kumuita dokta. Dokta alikasirika kuliko mimi. Zipo njia za kupunguza yale madoa, kukwangua juujuu na nyingine, lakini ni mazungumzo ya kukaa na dokta, siyo ya dirishani. Na bei hazijabandikwa popote, unazijua ukishatoka kwenye kiti.

Dokta nampa tano kati ya tano, risepsheni mbili. Nimewaandikia hayo ya bei na ya blichi, wamejibu kwamba wanabandika orodha ukutani mwezi huu. Kadi yangu ya vipimo vya fizi niliomba nakala nikaipiga picha, miezi sita ikifika narudi nayo wapime zilezile sehemu, na ile ya 5 ndo ninayoisubiria.